Gari la Kuchinja

Fundi alianza kwa kugonga. Hakufungua boneti, hakuulizia betri, hakugusa hata kitasa cha mlango. Alitandika gunia, akalala chali chini ya pikapu, akatoa nyundo ndogo na kuanza kuigonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, kiganja kwa kiganja. Ti, ti, ti. Kila sauti ilipobadilika ikawa nzito, kama debe lililojaa udongo, alisita, akachora duara kwa chaki, kisha akaendelea. Sisi tuliokaa kwenye magogo nje ya boma tulinyamaza kama watu waliomleta mgonjwa wakisubiri daktari aseme. Ilikuwa Soitsambu, huko Loliondo, asubuhi yenye baridi, na ng'ombe walikuwa bado hawajatolewa.

Naandika haya kwa sababu ya asubuhi ile. Nimeona mafundi wengi wakifungua na kufunga nati, na mikono yao naiheshimu. Siku ile nilitambua kwamba sehemu ya juu kabisa ya ufundi huu hufanyika kabla spana haijatoka kwenye boksi: ni pale fundi anapoamua gari lipi liishi, lipi lichinjwe, na kipi kitoke kwa huyu kiende kwa yule.

Pikapu yenyewe ni Land Rover 109, ya toleo la tatu lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwenyewe, mzee ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliinunua ikiwa imeshatumika. Ilibeba mahindi, magadi ya ng'ombe, mabati ya shule, maharusi, na wagonjwa wasiohesabika waliokimbizwa usiku hospitali ya Wasso. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kule Samunge kwa shilingi 500, na watu wa nchi nzima na nchi jirani wakamiminika, kila gari lenye uwezo wa kupanda jiwe liliingia njiani. Pikapu ya mzee nayo ilienda, safari baada ya safari. Siku hizi kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale kina lami; wakati ule ilikuwa mawe, makorongo na vumbi. Katika mojawapo ya safari zile rejeta ilitoboka, dereva hakuangalia geji, injini ikachemka hadi bloku ikapasuka.

Ilirudi Soitsambu ikivutwa. Ikakaa. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva, watoto walizaliwa na kukua wakiiendesha bila matairi. Hatimaye wana wa mzee, wenye kazi zao Karatu na Arusha, wakakubaliana kuifufua, nami nikaombwa nimlete fundi ninayemwamini. Walikuwa tayari na wazo lao. Walisema, kazi ni rahisi, tutafute gari la kuchinja.

Neno hilo la gereji lina uzito wake. Fundi akisema gari limechinjwa, ana maana limenunuliwa zima, au nusu zima, ili linyofolewe: injini huku, giaboksi kule, difu kwa mwingine. Mjini neno limezoeleka, halimshtui mtu. Kwa Wamaasai wa Soitsambu ni habari nyingine. Ng'ombe hachinjwi kwa kuwa mtu ana hamu ya nyama. Iwepo sababu: sherehe ya rika, mgonjwa anayehitaji supu, mgeni mzito. Na akishachinjwa, kila kiungo kina mwenyewe, kwa umri na kwa heshima. Kwa hiyo mzee aliposikia wanawe wakizungumza, aliwauliza swali ambalo ningependa kila anayefufua gari la zamani aulizwe kwanza.

"Hilo la kuchinjwa lina kosa gani?"

Yalikuwapo mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa Land Rover 109 nyingine, toleo lilelile, iliyoegeshwa upande wa Wasso chini ya mgunga. Mwenye nalo alikuwa amechoka nalo, bei yake ilikuwa ndogo, na kila kitu chake kingeingia kwenye pikapu ya mzee bila kurekebishwa hata tundu la bolti. Vijana walilipenda. Kwa hesabu ya haraka hakuna gari la kuchinja lililo bora kuliko pacha: milango ni ileile, springi ni zilezile, hata skrubu za dashibodi zinafanana.

Fundi alikwenda na nyundo yake. Chesisi ya Land Rover za zamani ni boksi: mabati mazito yaliyochomelewa yakaacha uwazi katikati. Matope na maji huingia humo, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Unaweza kuipaka rangi nyeusi ikang'aa kama kiatu cha askari, na ndani imebaki ganda. Ndiyo maana hugongwa. Chuma kizima hulia; kilichooza hunong'ona. Alilala chini ya gari lile kwa muda mrefu, na mara hii hakutoa chaki. Alipotoka alijikung'uta majani na kusema maneno mawili tu.

"Hii sichinji."

Vijana hawakuelewa. Alieleza, taratibu, kama mtu anayezungumza na wenye mali. Chesisi ya hii inalia kutoka mwanzo hadi mwisho. Ile ya mzee ina maduara kumi na moja ya chaki. Mkiichinja hii, mtakuwa mmeua mzima ili kumtibu mgonjwa. Anayejua kazi atakuja kuipa injini na giaboksi, itaondoka hapa kwa miguu yake. Gari linaloweza kuamka halichinjwi.

Hapo ndipo kijana mmoja akaleta hoja ya kijanja: basi tuibebe chesisi hii nzima, tuipandishie bodi ya baba, tutakuwa na gari la baba lenye mifupa mizuri. Wengi hufanya hivyo, na nakiri kwamba hata mimi niliona ni sawa. Fundi alimtazama mzee, siyo kijana, akauliza: "Mzee wangu, namba iko wapi?"

Kwenye Land Rover ya toleo lile namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiwa. Namba hiyohiyo iko kwenye kadi ya gari inayotolewa na mamlaka ya mapato, TRA. Bodi ni nguo. Ukiipandisha bodi ya baba juu ya chesisi ya Wasso, utakalokuwa nalo ni gari la Wasso lililovaa nguo za baba, na kadi ya baba itakuwa karatasi isiyo na mwili. Mzee hakuhitaji maelezo marefu. Alinyoosha mkongojo kuelekea zizini, kwenye ng'ombe wenye alama za ukoo zilizochomwa pajani, akasema, "Alama haihamishwi."

Uingereza, nyumbani kwa Land Rover, jambo hili walilipigia hesabu kabisa. Kwa miaka mingi mamlaka yao ya usajili ililipa kila gari lililofumuliwa alama kwa viungo vyake vya asili vilivyobaki: chesisi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Lilihitaji angalau alama 8 ili liendelee na usajili wake, na ukiweka chesisi ya mtumba ulikuwa umelipoteza jina. Angalia injini imepewa nini. Alama moja. Sisi tuliozoea kuiita moyo wa gari tunaweza kushangaa, lakini waliokaa kuandika kanuni ile na mzee wa Soitsambu walifika mahali pamoja bila kuonana: gari ni mifupa yake na alama iliyo juu ya mifupa hiyo. Moyo unaweza kuazimwa.

Basi tukaenda kuutafuta wa kuazima, na huyo ndiye mnyama wa pili. Lilikuwa Discovery la mwanzoni mwa miaka ya 1990, limelala kwenye uwanja wa chuma chakavu Karatu. Lilikuwa limepinduka. Paa lilikuwa limeshuka hadi kwenye viti, nguzo za milango zimekunjika kama mabua, na chesisi imepinda kiasi kwamba hata mtoto angeona tairi mbili za kushoto hazisalimiani. Swali la mzee lilijibiwa kabla ya kuulizwa. Hata hivyo fundi hakugusa kitu hadi alipoletewa kadi, akalinganisha namba, akamtaka muuzaji aandike na kutia saini. Soitsambu iko jirani na mpaka wa Kenya. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka popote, na fundi mwaminifu hataki kuponya gari la mtu kwa damu ya wizi. Injini ikibadilishwa, TRA nayo lazima ijulishwe. Alilisema hilo mapema, kabla ya bei, ili gharama na usumbufu wake viingie kwenye uamuzi.

Chini ya boneti ya Discovery lile kulikuwa na injini ya dizeli ya lita 2.5 ambayo mafundi wanaiita 200Tdi. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo elimu ya fundi wangu ilipoonekana wazi. Injini ya petroli iliyopasuka ilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi. Hii ina 111. Loliondo iko juu, hewa ni nyepesi, na injini ya zamani isiyo na turbo hupungukiwa na pumzi kwenye miinuko kama mzee aliyebeba ndoo. Turbo huisukumia hewa inayokosekana. Lakini zipo injini nyingi za turbo. Kwa nini hii? Kwa sababu matundu ya bolti upande wa giaboksi yanarithiana na ya injini za zamani za ukoo uleule, kwa hiyo giaboksi ya 109 inaweza kuipokea kwa marekebisho madogo. Mdogo wake, 300Tdi, aliyekuja 1994, alibadilishwa upande huo. Ukimleta, unaanza kutengeneza vipande vya kuunganisha. Wapo pia wanaoweka injini za Toyota au Isuzu, na zinafanya kazi, spea zake ziko kila duka. Siwalaumu. Ila fundi alisema kiungo kikipatikana ndani ya ukoo, mwili haukisumbui.

Kikwazo kilikuwa turbo. Kwenye Discovery imewekwa chini, na ukiiteremsha injini ndani ya 109, turbo inakaa juu ya chesisi. Nimeona magari yaliyokatwa chesisi ili kuipa nafasi. Mtu anapima kwa jicho, anawasha mashine, anang'oa nusu ya boksi, halafu anaziba kwa bati. Gari linatembea. Miaka miwili baadaye linapasuka hapohapo, likiwa na watu nyuma. Fundi alikataa hata kulifikiria. Alisema mgonjwa hakatwi mguu ili suruali imtoshe. Alisubiri wiki tatu mpaka ikapatikana Arusha manifodi ya Defender, ambayo huiinua turbo juu, mbali na chesisi. Wiki tatu za kusubiri kipande kimoja cha chuma cha kumimina, huku vijana wakipiga simu kila jioni. Naihesabu subira ile kuwa sehemu ya kazi, sawa na kuchomelea.

Kisha akatoa hesabu ya madhara, kwa kuwa hakuna kiungo kinachohama peke yake. Giaboksi ya 109 ilitengenezwa kwa nguvu ndogo kuliko hizi. Dereva atalazimika kuikanyaga kwa adabu. Difu za 109 ni fupi, uwiano wake ni 4.7, wakati za Discovery ni 3.54. Ukiziacha, gari litalia sana kwenye lami na halitakuwa na mwendo. Ulaya wengi huzibadilisha. Fundi alimuuliza mzee anaenda wapi na gari. Wasso, Ololosokwan, mnadani, shambani. Basi ziache fupi, zina nguvu ya kupanda. Na breki za ngoma zilikuwa za gari la farasi 70, kwa hiyo zilifumuliwa zote nne na kufanywa upya kabla injini mpya haijawashwa hata mara moja. "Ukimpa mtu miguu ya kukimbia," alisema, "mpe kwanza ya kusimama."

Sikukubaliana naye mwanzoni, na nitasema kwa nini. Nilitaka petroli ibaki. Nilitaka itafutwe bloku ya aina ileile, hata kama ingechukua mwaka, ili pikapu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nampenda mtu anayetunza kitu cha kale kama kilivyokuwa, na bado naamini magari machache yanapaswa kutunzwa hivyo, kwenye makumbusho na kwa wenye uwezo. Lakini injini ile ilikula lita moja kwa kilomita tano au sita, na mzee alinijibu kwa sentensi moja: "Kijana wangu, mimi nataka la kunifikisha Wasso usiku."

Niliporudi nyumbani nilikumbuka historia ambayo nilipaswa kuikumbuka mapema. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Marekani iliyobaki kutoka vitani, akiitumia shambani kwake Anglesey, Wales. Spea zake zilikuwa shida, akaazimia kutengeneza gari lake mwenyewe. Gari la kwanza la majaribio, lenye usukani katikati, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep na kupewa injini ya gari dogo la Rover. Lilikuwa zao la kuchinja. Bodi ikawa ya alumini kwa kuwa baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kipimo. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam, nayo sasa ikiwa na chesisi yake yenyewe. Ukoo mzima ulioenea hadi huku kwetu, pamoja na zile zilizounganishwa Thika na Leyland Kenya, ulianza kwa kiungo cha mwenzake. Baada ya kukumbuka hayo sikuwa tena na sababu ya kubishana kuhusu injini ya Discovery.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya mikono, na nitaipitia haraka. Maduara kumi na moja yalikatwa hadi kufikia chuma kizima, yakazibwa kwa bati la milimita 3, yakachomelewa pande zote. Ndani ya chesisi ikamiminwa oili chafu, dawa ya zamani na ya bei nafuu dhidi ya kutu. Mahali alumini ya bodi inapogusana na chuma paliwekwa vipande vya mpira wa tyubu, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu hulana. Na vumbi lenye magadi la njia ya Ziwa Natron huzidisha, maana magadi na alumini havipatani.

Nililotaka kulisimulia zaidi ni mgawanyo. Discovery lile halikuachwa mzoga. Fundi alisimamia kama anavyosimamia mzee wa boma siku ya kuchinja. Ekseli ya nyuma ilienda kwa mtu wa mkokoteni wa punda. Viti viwili vya mbele vilivyosalimika viliingia kwenye pikapu. Vioo vya taa alipewa dereva mmoja wa Karatu. Matairi yaliyokwisha yalichukuliwa na mshonaji wa katambuga, viatu ambavyo Wamaasai wanatembea navyo kutoka Loliondo hadi mjini. Mabati ya alumini yalikwenda kwa wanaomimina sufuria. Springi za 109 zilizovunjika alizipokea mhunzi, maana hakuna mhunzi wa Umaasaini asiyejua kwamba springi ya gari hutoa sime nzuri. Nilisimama pale nikaona kwamba ufundi huu wa kutoa uhai kwa kitu kimoja na kuupeleka kwa kingine haukuletwa na gereji. Ulikuwapo kabla ya gari la kwanza kupita hapa. Chuma kilikuja kikakuta wenyeji wanaoujua.

Kwa Kimaasai soit ni jiwe, na sambu ni neno la rangi ya ng'ombe, yule mwenye rangi zilizochanganyika. Pikapu ya mzee leo ni sambu. Boneti yake ni kijani cha zamani, mlango mmoja wa kijivu, kizibo cha tangi chekundu, na vijana walipotaka kuipaka rangi moja, mzee alikataa. Alisema ng'ombe hapakwi rangi. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya Land Rover zaidi ya elfu moja katika tamasha moja, nyingi zikiwa zimeoshwa na kung'arishwa, na nilizipenda. Bado nadhani chache kati ya zile zingeweza kueleza, kiungo kwa kiungo, kila kitu kilikotoka, kama inavyoweza hii.

Iliwashwa jioni. Moshi ulitoka, ukapungua, injini ikatulia kwenye ule mlio wake wa kugonga ambao kila aliyekulia huku anaujua kabla hajaliona gari. Mzee alizunguka hadi mbele upande wa kulia, akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye namba.

Ile 109 nyingine bado iko Wasso, chini ya mgunga wake. Mwenye nayo hajapandisha bei. Chesisi inalia vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, kadi ipo, na inachohitaji ni injini, giaboksi na matairi manne. Anayeitaka aende na nyundo.